Beleshi ni beleshi: kazi ya usiku juu ya mlima wa theluji



Siku moja ya mwezi wa pili mama mmoja aliingia ndani ya biro yetu hapa Shari pamoja na kijana wake wa pili. Akatoa simu, akaiweka juu ya meza. Kwenye simu kulikuwa picha ya usiku: vijana sita, kofia za chuma kichwani, taa kwenye paji la uso, beleshi mkononi, mbele yao ukuta mrefu umechongwa vizuri. Mmoja wetu ambaye ameteremka mashimo ya Mongbwalu kwa miaka karibu 20 akaangalia, akasema: "Huo ukuta umekatwa na watu wenye kujua kazi. Ni karieri gani hiyo?"

Mama akacheka. "Haiko karieri. Ni theluji. Na yule wa kwanza kushoto ni mtoto wa dada yangu."

Njo tukaelewa. Dada yake alikimbia vita ya Djugu, akakaa kambi kule Uganda, kisha familia yote ikachukuliwa na mpango wa wakimbizi, ikafika jimbo la Utah, Marekani. Sasa mtoto wake anafanya kazi kwenye mlima ambako watu wenye pesa wanaenda kuteleza juu ya theluji. Na mama alikuja kwetu na swali moja: kuko komisioneri mmoja hapa mjini anasema kwa dolari 4,000 atampeleka kijana wa pili kwenye kazi kama ile. Mama ana parseli moja tu, aliyoachiwa na marehemu bwana yake, mchimbaji mwenzetu. Auze, au asiuze?

Hatukumjibu siku ile. Tulimwambia: mama, tupe nafasi tuulize. Tuliuliza, tulisoma, tulizungumza na kijana mwenyewe kwa simu mara nne. Hii hapa ndiyo tuliyoyapata, na tunaiandika kwa wote, kwa sababu mama huyu hayuko peke yake.

*Kazi yenyewe ni nini*

Wengi wetu theluji tunaijua kwa mbali tu. Aliyefika upande wa Boga asubuhi yenye hewa safi, au aliyepita Beni kuelekea Mutwanga, ameona weupe kwenye kichwa cha Ruwenzori. Pale Ruwenzori hakuna anayeteleza kwa mchezo. Lakini kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani, mlima wa theluji ni biashara kubwa: watu wanapanda juu kwa viti vinavyovutwa na kamba ya chuma, wanavaa mbao mbili ndefu miguuni, au ubao mmoja mpana, wanateremka.

Ndani ya milima hiyo kunatengwa fasi moja ya vijana wenye kupenda kuruka. Wanaiita paki. Humo kuna matuta ya kurukia, vyuma virefu vya kutelezea, na pengine mfereji mkubwa uliokatwa kama nusu ya bomba. Mfereji wa mashindano ya Olimpiki una kuta za karibu metro 6.7 kila upande. Hakuna hata kimoja kilichoumbwa na Mungu. Kila tuta, kila ukuta, kila ukingo umetengenezwa na watu. Hao watu ndio kikosi cha paki, na ndiyo kazi ya kijana wetu.

Alituambia hivi, kwa Kiswahili chake cha nyumbani: "Mama mudogo anazani tunachezaka. Hatuchezake. Tunatengenezaka fasi wengine wanachezea."

Kazi inagawanyika kwa zamu. Usiku, watu wakiisha kushuka, zinapanda katapila za theluji, zenye minyororo mipana na beleshi kubwa mbele. Ndizo zinazosukuma theluji na kusimamisha matuta. Kama mlima una mteremko mkali, katapila inafungwa kwa kamba ya winchi, kamba ya chuma inayoshikwa juu kabisa, ili mashine isiporomoke. Wachimbaji wanaojua winchi wataelewa mara moja hatari yake: kamba ile ikikaza ghafla gizani, inaruka kutoka ndani ya theluji na inaweza kumkata mtu aliyepita. Juu ya hiyo, sehemu yenye winchi inafungwa na kuwekwa alama, na watu wamekufa kule kwa kudharau alama.

Asubuhi, mbele ya wageni kufika, ni zamu ya beleshi na reki. Wanakwangua barafu iliyoganda usiku, wanarudisha umbo la ukingo, wanasawazisha fasi ya kutulia. Kisha wao wenyewe wanaruka wa kwanza, kwa kujaribu. Tuta likiwa baya, ni mgongo wao unaolipa mbele ya mgongo wa mgeni. Mchana wanazunguka tena na reki, kwa sababu kila anayeruka anaharibu kidogo. Na theluji isipoanguka ya kutosha, inatengenezwa kwa mashine: maji na hewa iliyobanwa na kompreseri vinapulizwa pamoja kwenye baridi, vinaanguka chini vikiwa vyeupe. Jua likianza kuwa kali, wanamwaga chumvi juu ya tuta. Chumvi inayeyusha sehemu ndogo, maji yanaingia chini, yanaganda tena, na tuta linakuwa gumu kwa saa chache zaidi.

Baridi, giza, maji, kompreseri, winchi, beleshi. Ukiondoa rangi nyeupe, ndugu zetu, hiyo si kazi ngeni kwetu.

*Hesabu ya ukuta*

Jambo moja lilitugusa kuliko mengine. Kijana alituambia kwamba ujuzi wa kazi ile hauko ndani ya tuta la kurukia. Uko ndani ya fasi ya kuangukia. Mtu akiruka juu metro tatu na akaangukia kwenye tambarare, mwili wake unapata kipigo sawasawa na aliyeanguka kutoka juu ya paa la nyumba. Lakini kama fasi ya kuangukia imekatwa kwa mteremko unaofuata njia ya mwili wake hewani, anagusa na kuteleza, haumii. Urefu ni ule ule, mtu ni yule yule. Tofauti ni mteremko uliokatwa na mwenye beleshi.

Na kule mwenye mlima akikosea, anaweza kuulizwa. Mwaka 2007, kwenye jimbo la Washington, wananchi waliokaa kama waamuzi mahakamani waliamua kwamba kituo kimoja kilipe dolari milioni 14 kwa kijana aliyepooza mwaka 2004 akiruka tuta lililotengenezwa vibaya. Waliona kijana naye alikuwa na sehemu yake ya kosa, wakapunguza malipo kwa hiyo, lakini hawakusema "alijitakia". Leo ni kawaida kikosi kuandika ndani ya daftari kila siku: tuta hili tumelikagua saa fulani, hili tumelifunga, sababu ni barafu. Mwenye reki ana haki ya kuweka kamba na kusema leo hapa hakuna kuruka.

Sisi tuliosikia hayo tulinyamaza kidogo. Maana kila mmoja wetu ana jina la mtu aliyefunikwa na udongo kwa sababu ukuta wa shimo ulikatwa wima, bila ngazi, ili mchanga wenye zahabu upatikane haraka. Kukata ukuta kwa ngazi si elimu ya chuo kikuu. Wazee wetu wa Kilo-Moto walikuwa wanaijua. Tunaiacha kwa sababu inachukua siku mbili zaidi, na PDG wa shimo anahesabu siku. Na akifa mtu, tunachanga pesa ya sanduku, tunalia, tunarudi shimoni. Hakuna daftari. Hakuna anayeulizwa.

*Mji uliokuwa mgodi*

Tukauliza zaidi juu ya milima ya Utah, na tukakuta jambo ambalo kijana mwenyewe hakulijua. Kule kuna mji mdogo unaitwa Park City, maarufu dunia nzima kwa theluji. Mwaka 2002 mashindano ya Olimpiki ya ule mfereji wa nusu bomba yalifanyika pale. Lakini mji huo haukuzaliwa na theluji. Ulizaliwa na mgodi.

Fedha, yaani madini ya fedha yenyewe, ilionekana pale mwaka 1868. Watu walikuja kutoka kila nchi, wakachimba kwa miaka zaidi ya mia moja. Tarehe 15 mwezi wa saba 1902, baruti iliyowekwa ndani ya mgodi wa Daly West ililipuka, na hewa ya sumu ikapita kwenye njia za chini hadi mgodi wa jirani. Wachimbaji 34 walikufa. Wajane wa Park City walilia kilio kile kile tunachokijua hapa.

Baadaye bei ya madini ikashuka, kazi ikapungua, nyumba zikabaki bila watu. Njo kampuni ya migodi, United Park City Mines, ikageuza macho yake: ardhi ilikuwa yake, mlima ulikuwa wake, na theluji ilikuwa inaanguka bure. Ikapata mkopo wa serikali uliokusudiwa kwa sehemu zilizopoteza kazi, na mwezi wa kumi na mbili 1963 ikafungua kituo cha kuteleza. Kwa miaka michache waliwapitisha wageni ndani ya mgodi wenyewe: walipanda treni ya wachimbaji, wakaenda karibu kilometa 5 chini ya mlima, kisha lifti ya wachimbaji ikawavuta juu zaidi ya metro 500, wakatokea kwenye theluji. Hadi leo majengo ya zamani ya mgodi yanasimama kando ya njia za kuteleza.

Mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka 1982. Mji haukufa. Lakini hapa tusidanganyane: mji uliishi, si wachimbaji wote waliishi nao. Nyumba za mbao za wachimbaji leo zinauzwa kwa bei ambayo hakuna mwenye beleshi anaweza kulipa. Wengi wanaofanya kazi mlimani wanalala mbali, mpaka upande wa Salt Lake City, mwendo wa kilometa karibu 50. Kijana wetu ni mmoja wa hao wanaopanda basi gizani na kurudi gizani. Na kazi yake ni ya msimu: inaanza theluji inapokuja, inakwisha mwezi wa nne. Baada ya hapo anaosha sahani kwenye mkahawa, anangoja.

*Siku 13*

Sehemu hii ndiyo tuliyotaka sana muisome.

Kwenye mlima huo wa Park City kuna wafanyakazi wengine, walinzi wa mlima. Si kikosi cha paki, lakini wanafanya kazi bega kwa bega nao. Wao wanaokota walioumia, na asubuhi wanalipua baruti juu ya mlima kuangusha theluji nzito mbele haijawaangukia watu. Wana sendika. Kwa miezi mingi mwaka 2024 walikaa mezani na kampuni ya Vail Resorts wakiomba mshahara wa kuanzia upande kutoka dolari 21 kwa saa hadi 23, na waliokaa kazini miaka mingi waongezewe zaidi. Mazungumzo yakakwama.

Ijumaa tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili 2024, karibu walinzi 200 waliacha kazi. Angalieni siku waliyochagua: kati ya Noeli na mwaka mpya, wakati wageni ni wengi kuliko siku zote. Bila walinzi, sehemu kubwa ya mlima haikuweza kufunguliwa. Foleni zikawa ndefu, wageni wakakasirika, habari ikaenda dunia nzima. Watu wa mji wakaleta chakula, wengine wakachanga pesa. Tarehe 8 mwezi wa kwanza 2025 mkataba ukakubaliwa: dolari 2 zaidi kwa wanaoanza, na kwa wastani dolari 4 zaidi kwa saa. Siku 13.

Hatuwaambii kesho tugome. Sheria yetu ya kazi inataka kwanza mazungumzo na upatanisho, na wengi wetu hatuna hata kontra. Tunagawana mchanga na PDG, hakuna mshahara wa kusimamisha. Lakini funzo liko wazi. Wale walinzi hawakuwa na nguvu kwa sababu ni Wamarekani. Walikuwa na nguvu kwa sababu walikuwa pamoja, walikuwa wameandikwa, na walijua ni siku gani kazi yao ina bei kubwa kuliko siku zote. Sisi siku zetu zenye bei kubwa ni hizi, wakati zahabu iko juu. Tunazimalizia wapi?

*Na sisi wa Kilo-Moto?*

Zahabu yetu ilionekana mwaka 1903. Mwaka 1926 ikaundwa Sokimo, baadaye ikawa Okimo, kisha ikarudi kuwa Sokimo. Wazee wanakumbuka hospitali, shule, kantini. Komini yetu inabeba jina la mto Shari, na juu ya mto huo, pale Budana, ulijengwa mtambo wa umeme kwa ajili ya migodi. Umeme uliotengenezwa kwa kuchimba ndio uliokuja kuwasha taa za Bunia. Kitu kama hicho ndicho tunachosema: mgodi ukiacha kitu chenye kubaki, watoto wanakula hata zahabu ikiisha. Ukiacha mashimo ya maji tu, watoto wanabaki na mbu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na tunaomba kila mchimbaji ayadai popote alipo.

La kwanza, daftari ya ukuta. Kila shimo liwe na mtu mmoja, aliyechaguliwa na wachimbaji wenyewe, anayekagua asubuhi na anayeweza kusema leo hakuna kushuka, na PDG asimfukuze juu ya neno hilo. Hiyo haihitaji pesa. Inahitaji umoja.

La pili, tujue pesa ya maendeleo inaenda wapi. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kampuni yenye kibali cha kuchimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pale. Tunataka pesa hiyo ijenge vitu vitakavyobaki: shule za ufundi, maji, umeme.

La tatu, ujuzi wetu uandikwe. Kijana wa hapa anayetengeneza kompreseri kwa waya na mpira ni fundi kamili, lakini hana karatasi. Mwendesha winchi hana karatasi. Siku shimo likifungwa, anatoka na mikono tu.

*Jibu letu kwa mama*

Tulimwita tena mama mwanzoni mwa mwezi wa nne. Tulimweleza tuliyoyajua. Milima ile inachukua wageni kwa njia mbili zinazojulikana zaidi: viza ya J-1, ambayo ni ya wanafunzi wa chuo kikuu wakati wa likizo yao, na viza ya H-2B, ambayo mwajiri mwenyewe ndiye anayeomba kwa serikali yake, na sheria yao inakataza mfanyakazi kutozwa pesa ili apewe kazi. Kijana wake hayuko chuo kikuu. Hakuna mwajiri aliyemwandikia. Komisioneri hakuwa na jina la mlima, hakuwa na barua, alikuwa na bei tu. Mtu anayeuza kazi bila kujua mahali kazi iko, anauza nini?

"Kwa hiyo nisiuze," mama akasema.

"Parseli ni yako, mama. Sisi tunakuambia tu tulichokiona."

Kijana wake alikaa kimya muda mrefu. Akauliza kama ni kweli yule binamu anajua kuendesha katapila. Tukampigia simu pale pale, sauti ikiwa wazi, wote wakisikia. Kule ilikuwa bado mapema asubuhi. Binamu akasema hajapewa bado. Mwanzo wake ni reki na beleshi, lakini msimu unaokuja wamemwahidi kufundishwa zamu ya usiku. Kisha akasema: "Tunafunga siku ya mungu hii. Theluji imekwisha, matuta yote tunavunja. Kazi yote ya miezi tano itakuwa maji."

Kijana akamuuliza: "Na wewe unabaki na nini?"

Binamu akafikiri. "Mimi ninabaki na kujua kuijenga tena."

Mama alirudisha simu ndani ya kitambaa chake. Hakuuza. Tangu wiki iliyofuata kijana anakuja kila siku ya pili kwa fundi mmoja wa kompreseri, mwanachama wetu, karibu na daraja, kujifunza. Halipwi bado. Tumempa daftari, na tumemwambia aandike kila siku alichofanya, saa na tarehe, na fundi atie sahihi. Siku shule ya ufundi ikifunguliwa, ataanza na karatasi mkononi.

Na wewe unayesoma hii ukiwa njiani kwenda shimoni kesho asubuhi: mbele ya kushuka, angalia ukuta. Ukiwa umekatwa wima, muulize aliye karibu nawe kama naye ameuona. Sendika inaanzia hapo. Biro yetu ya Shari iko wazi.